Simu Tatu za Kasika

Sebagabo aliupindua ubao wa juu wa meza, mbao nyekundu iliyotoka Walikale, akaanza kuuchimba upande wa chini, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Alichimba mashimo matatu ya duara na kuacha tabaka jembamba tu la mbao upande wa juu. Humo ndani akalaza nyaya za shaba zilizozungushwa kama bangili. Simu ikiwekwa juu yake ingejichaji yenyewe, bila kuchomekwa popote.

Hiyo ndiyo kazi aliyoombwa. Ile nyingine, ambayo hakuombwa, aliifanya alipobaki peke yake. Aliacha kufunga fyuzi. Ndani ya droo ya chini akapanga betri kuukuu za kompyuta, zilizokwisha kuvimba, akazizungushia maranda yaliyolowa vanishi. Akapigilia kifuniko, akakipiga msasa mpaka kikang'aa.

Mwenye meza aliitwa Philippe Kasika, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka na lori pale Karuba. Watu walimsalimu kwa heshima. Sebagabo naye alimsalimu, lakini kila alipompa mkono alilisikia lile lori.

Miaka mitatu nyuma, angali mchunga ng'ombe kijijini kwao Kirolirwe, alikuwa kilimani na ndama aliposikia injini ikipanda. Lilikuwa lori la Kasika, limejaa watu wenye bunduki. Mmoja wao alikaa mbele, na kando yake, kwenye usukani, alikuwa Kasika mwenyewe. Sebagabo alimwona kwa macho yake. Kabla jua halijashuka kijiji kilikuwa moshi, kaka yake mkubwa Rukundo amelala amekufa mlangoni pa zizi, na lori linarudi limebeba ng'ombe wao. Yeye alisimama kule juu akiangalia, mikono mitupu. Hakuna aliyeulizwa neno. Katika kambi ya wakimbizi alijifunza useremala na kufunga sola, na akamngoja mtu wake.

Sasa mtu wake amekuja kumtafuta kwa miguu yake. Alieleza kwamba anataka biro, meza ya kuandikia, nyumbani, si dukani, katika chumba cha nyuma chenye mlango wake. Juu ya meza zingekaa simu tatu, na hazikutakiwa kuzimika hata dakika moja.

"Na nisione waya hata moja, Papa Sebagabo," alisema. "Mutu akikaa hapa akaona simu imefungwa ku waya, anaogopa. Hasemi tena kitu."

Sebagabo alijibu kwamba ameelewa. Na kweli aliona ameelewa vizuri sana. Mtu mwenye simu tatu na mlango wa nyuma, wakati vita vimerudi barabarani, anafanya biashara gani?

Siku nne alizokuwa akipima chumba na kufunga sola juu ya bati, aliwaona watu wakiingia kwa mlango ule. Wengi walikuwa wanawake. Waliingia mmoja mmoja, wakakaa saa nzima, wakatoka macho mekundu na kitenge kimebanwa mdomoni. Siku ya tatu alitoka Murekatete, mjane wa Rukundo. Sebagabo alimfuata, akamuuliza shemeji yake amefuata nini kwa mtu yule. Murekatete aliangalia chini, akasema alikwenda kuomba kazi ya kufua.

Baada ya hapo Sebagabo hakusita tena.

Hakutaka Kasika afe. Kifo kilikuwa kidogo mno. Alitaka awe hai, asimame nje na aone vyake vikiteketea, amalize kuangalia mpaka mwisho. Akachagua Jumapili. Kasika hakukosa misa, familia yake ilikaa Butembo, na saa sita jua lingekuwa kali juu ya bati, umeme wa sola uzichemshe zile betri.

Asubuhi hiyo alipita kuunganisha nyaya za mwisho. Kasika alizipanga simu zake juu ya mbao, na vioo vikawaka kimoja baada ya kingine. Alitabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Aksanti, fundi. Haujue venye umenisaidia."

Moshi ulipanda watu wakiwa bado kanisani. Sebagabo alikuwa ameketi kwenye miti ya mikaratusi juu ya barabara. Aliona bati likijikunja, akasikia watu wakikimbia na ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu Kirolirwe pumzi yake ilishuka mpaka chini. Hakuharakisha. Aliusubiri ukuta wa mwisho uanguke ndipo akateremka, maana alitaka kuuona uso wa Kasika kwa karibu.

Kasika alisimama uani, ametazama majivu, sawasawa kama alivyotakiwa. Lakini hakuwa peke yake. Wanawake wa Kirolirwe walikuwa wameketi chini kumzunguka, wanalia kama watu waliofiwa, na Murekatete alikuwa katikati yao.

Sebagabo alichuchumaa mbele yake. Alimuuliza kwa sauti ya chini wanalilia nini, mali ya mtu huyu inawahusu nini.

"Haiko mali," Murekatete alisema bila kuinua kichwa. "Sauti zetu zote zilikuwa mu zile simu, shemeji. Tulisema yote tuliona siku ile, mumoja mumoja. Alitukataza kumwambia mutu, na aliogopa kuzipitisha ku rezo ya internet. Kesho watu wa tribinali ya kuhukumu wauaji njo walikuwa wakuje kuzibeba."

Alijifuta uso kwa kitenge.

"Sauti ya kwanza ilikuwa ya Kasika mwenyewe. Alitaja majina ya wote benye walimuwekea bunduki ku shingo, bakamulazimisha kuendesha ile lori."