Kuku Aliyejiita Mfungwa

Alikuwapo kuku aliyeatamia mayai yake huku akinung'unika. "Mimi mfungwa. Lazima nikae hapa, hata maji sina ruhusa ya kunywa." Na kila alipotoka kidogo kudonoa mtama, alirudi akijitukana: "Mama gani wewe, mlafi mkubwa!"

Bata, jirani yake, akachoka kusikiliza. "Dada, toka kabisa ukapumzike. Nitaatamia mimi, na vifaranga watakuwa wangu."

Kuku akatutumua manyoya. "Thubutu! Haya mayai yangu, naatamia kwa kupenda kwangu!"

"Basi hakuna aliyekufunga," akasema Bata. "Na ningekutukana mimi hivyo unavyojitukana, ungenidonoa macho."

Kuku akainuka, akanywa maji mpaka kiu ikamwisha, akarudi kwenye mayai yake. Aliyakuta bado yana joto.