Pigo la Ingela

Ingela alikuwa amebakiwa na shimo moja tu. Akilimaliza kwa mapigo mawili zaidi, jina lake litabaki kwenye orodha ya wacheza gofu wa kulipwa. Yakizidi, miaka yake kumi na minne ya kazi itaishia hapo, katika mji ambao hata jina lake hajalishika, mbali na kwao Uswidi.

Mpira ulikuwa umezama kwenye majani marefu. Aliinama, akaweka fimbo taratibu nyuma ya mpira, nao ukasogea. Ulisogea upana wa kidole, kisha ukatulia. Kwa kanuni za gofu, kuusogeza hivyo ni adhabu ya pigo moja.

Aligeuka. Watazamaji walikuwa mbali. Mdogo wake Tuva, aliyembebea mkoba wa fimbo msimu mzima, alikuwa amekodoa macho.

"Hakuna aliyeona, dada," Tuva alinong'ona. "Piga. Nakuomba, piga tu."

Ingela aliutazama mpira. Alijiuliza atarudi nyumbani kufanya nini, mtu wa miaka thelathini na tisa asiyejua kazi nyingine. Hata hivyo mkono wake ulikuwa umeshapanda kumwita mwamuzi.

"Mpira umesogea," alisema. "Nimeusogeza mimi. Niongezee pigo moja."

Tuva aliketi palepale majanini, akajifunika uso.

Mwamuzi alimwagiza aurudishe mpira mahali pake. Sasa lilibaki pigo moja, na shimo lilikuwa hatua arobaini mbele. Ingela alifuta viganja kwenye sketi, akapiga. Mpira ukapaa, ukaingia kwenye jua, na macho yake yakaupoteza.