Mtoto Ametulia

Mtaani walisema mtoto akitimiza miezi tisa hutulia tumboni, anakusanya nguvu za kutoka. Neno hilo lilimganda Zuhena, mwenye mimba ya miezi tisa. Tangu alfajiri alikuwa akifunga fundo kwenye pindo la kanga kila mtoto alipocheza. Adhuhuri ilipoingia, fundo lilikuwa moja.

“Wifi, kunywa uji ulale,” alisema Siwema, dada wa mumewe. “Mvivu huyo, kamfuata kaka yangu.”

Zuhena alicheka, lakini akavaa kandambili akaenda zahanati. Nesi aliweka kipimo tumboni, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena.

“Moyo unapiga, ila taratibu. Umewahi, mama. Leo hurudi nyumbani.”

Basi nawe mjamzito, mtoto akipunguza kucheza, usingoje kesho. Usingoje mume atoke kazini. Usinywe mizizi ya kumwamsha. Usione haya kurudi zahanati mara ya pili, hata wakuchoke.