Tumbawe la Kulea

Kila nyumba ilipewa tumbawe hai la baharini la kulea kwenye tangi, na aliyefiwa na tumbawe lake alitolewa nyumbani. Asubuhi ya ukaguzi, taa alizozitengeneza Mwatime juu ya tangi la tumbawe lake zikaungua. Taa nyingine za buluu zilikuwa chumbani, zikimtibu mwanawe mchanga aliyeingiwa na umanjano mwili mzima. Akazing'oa, akaanza kuzilehemu kwenye tangi.

"Na mtoto je? Bila taa hizo si atakufa?" aliuliza Kombo, mumewe, mtoto akilia chumbani.

"Mkaguzi akitoka tu, namrudishia."

Mkaguzi akaja, akachungulia tangi, akatabasamu. "Hongera, mama. Limenawiri." Kisha akatoa lakiri, akazipiga taa muhuri zisitolewe. "Sheria mpya hiyo. Zisiguswe mpaka nirudi mwezi ujao."

"Ahsante," Mwatime akajikuta anasema.

Kule chumbani, mtoto alikuwa ameacha kulia.