Nafasi ya Mmoja

Siku ya pili asubuhi, baada ya Wajapani kuizamisha meli ya Wamarekani karibu na kisiwa cha Vella Lavella, Niqu, mwenyeji wa kisiwa hicho, na mkewe waliwakuta majini wanaume wawili wameng'ang'ania ubao. Mafuta ya meli yalikuwa yamewapaka weusi tii, yakabaki macho na meno tu.

Mtumbwi wao ulikwisha kujaa majeruhi waliookotwa. Ilibaki nafasi ya mmoja.

"Boi! Nivute mimi kwanza," alifoka yule mnene. "Mimi ni ofisa. Huyu mpishi tu."

Niqu alimcheka waziwazi. Sauti ile aliijua. Ndiyo ya mabwana wa Kizungu wa mashamba ya minazi, waliotimua mbio Wajapani walipokuja.

"Ofisa yupi? Naona weusi wawili. Mke wangu, wewe unamwona bwana hapa?"

"Namwona mtoto analia," mkewe akajibu, akatema mate majini.

Viganja vya mpishi vilikuwa vimeungua na kuchunika, akaushikilia ubao kwa viwiko. Niqu akamshika kwapani, akampandisha taratibu.

Mara vidole vya ofisa vikaudaka ukingo. Vilikuwa vinene, vina pete ya dhahabu iliyobana nyama. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaanza kuingia.

"Achia," Niqu alisema. "Tutakurudia."

"Mbwa wewe! Unaniamuru mimi?"

Majeruhi mmoja akapiga yowe. Niqu akamtazama mkewe; mkewe akageuzia uso pwani.

Niqu akainua kasia juu ya vile vidole.