Mwali Kaonwa

"Hii ndiyo hesabu, mwalimu?" mama yake Subira aliniuliza, akininyooshea simu yangu.

Nilikuwa nimemwazima bintiye ajisomee, kwa kuwa amewekwa ndani, na mwali haonwi na watu mpaka atolewe. Kwenye video alikuwa akicheza dansi ya mchezo unaosambaa mitandaoni, liwa ya kumng'arisha mwali ingali usoni. Wenzake wa vijiji vya Nyamwage na Chumbi walishamjibu kwa dansi zao.

"Wamemwona wangapi?"

"Elfu mbili, mama."

 Mara tatu nilikuwa nimemsihi amwachie binti akafanye mtihani wa Jumatatu, naye akakataa.

Akafunua pazia la chumba cha mwali. "Umeshaonwa, huna uwali tena. Vaa sare, umfuate mwalimu."

"Ngoja kwanza niwajibu wa Chumbi," alisema Subira.