Saa Tano Tuwe Tumetoka

Kufikia saa tatu asubuhi Delbert alikuwa amekwisha kuchomoa waya wa umeme, kukunja mpira wa maji na kufunga bomba la maji machafu, na glavu zake zilikuwa zikinuka vilivyo. Kanuni ya kambi za magari-nyumba ni moja popote uendako: ikifika saa tano uwe umetoka, nafasi yako inamngoja mwingine. Kwa miaka thelathini na minane Delbert alikuwa mpangaji wa ratiba za treni. Hakuwa na nia ya kuanza kuchelewa uzeeni.

Marlene, mkewe, alitokea kwenye ngazi ya gari-nyumba lao, bado yumo ndani ya gauni la kulalia, kikombe cha kahawa mkononi. Aliutazama mpira uliokunjwa, akashusha pumzi.

"Si lazima twende leo, Del."

"Haya, tukae," alisema Delbert, "halafu saa sita uninunie pale dirishani kama mtu aliyenyimwa posho."

Alimjua mkewe. Ndiye aliyeyataka maisha haya. Nyumba ya Omaha waliiuza, vyombo wakagawa, wakahamia ndani ya gari na mbwa wao Biskuti ili Marlene ayaone majimbo yote ya Marekani kabla ya kufa. Delbert alikubali miaka miwili tu. Sasa hesabu ya miaka ilikwisha kumpotea, na bado kila kulipokucha ilikuwa ni kufungua, kukunja, kuondoka.

Hata usukani hakuwa nao tena. Tangu siku alipoiparuza nguzo ya kituo cha mafuta, funguo zilihamia kwenye mkoba wa Marlene. Mlango nao ulikuwa umetiwa komeo jipya, juu kabisa, ambalo Marlene alisema ni kwa ajili ya dubu. Delbert hakuwahi kusikia dubu wa kufungua mlango. Alikaa kiti cha abiria, akafunga mkanda, akajihisi mfungwa anayehamishwa gereza.

Mashamba ya viazi ya Idaho yalipita, yakafuata maghala, daraja, kisha viazi tena. Joto la Agosti lilipiga kwenye kioo. Marlene hakufungua ramani.

"Tunakwenda wapi?"

"Mahali pazuri. Utapapenda."

Maneno aliyokuwa ameyameza muda mrefu yakamtoka.

"Marlene, nimechoka. Najua unaipenda barabara, na sitaki kukuharibia. Lakini nakufa humu ndani, mke wangu. Nataka tusimame mahali pamoja. Nipande nyanya, nizimwagilie, nikae nizione zikiiva. Mtu anayelala usiku mmoja mmoja atapandaje nyanya?"

Marlene alipunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara. Alilia mpaka Delbert akajuta kufungua mdomo.

"Nimekuudhi."

"Hujaniudhi." Alijifuta kwa mkono wa blauzi. "Sawa, Del. Tutasimama. Leo hii. Ila uniahidi: kesho asubuhi usiuguse ule mpira wa maji."

"Naapa. Hata nikiambiwa kambi inaungua. Nitaandika kabisa ukitaka, kwa herufi zangu za ratiba."

"Na ile saba yako yenye mkato," alisema Marlene, akicheka huku machozi yakimtoka.

"Saba isiyo na mkato ni moja iliyolewa. Treni zinagongana hivyo."

"Andika basi," alisema, akaliwasha gari. "Andika, Del."

Delbert aliegemea kiti, mwepesi mwili mzima. Miaka yote ile aliogopa bure. Kumbe ilikuwa ni kusema tu.

Kambi ilikuwa kando ya mto, safi, yenye vivuli. Msimamizi wake, mama mnene mwenye kizibao cha kijani, aliwafuata kwa kigari chake kidogo.

"Karibuni! Ndiyo mara ya kwanza kufika kwetu?" aliuliza, akimtazama zaidi Marlene.

"Ya kwanza na ya mwisho," alijibu Delbert. "Mimi na huyu bibi hatuondoki tena hapa. Mtatuchoka."

"Hatuwezi kukuchoka, Bwana Delbert. Namba kumi na tisa iko wazi."

Delbert alisimama nyuma na kumwongoza mkewe kwa mikono: kushoto, nyoosha, njoo, njoo, basi. Marlene aliliingiza gari kwa mara moja, katikati kabisa, bila wao kugombana hata kidogo. Kwa wenye magari kama yao, hiyo ni miujiza.

"Umekuwa dereva, mama!"

Biskuti aliruka chini, akaenda moja kwa moja chini ya mti na kujilaza kwenye kishimo kilichomwenea barabara. Delbert alichukua mpira wa maji na kwenda nao bombani, akipiga mluzi. Mara ya mwisho, alijiambia. Mara ya mwisho kabisa.

Nyuma ya bomba kulikuwa na miche mitatu ya nyanya iliyofungwa kwenye vijiti, imeinama kwa uzito wa matunda mekundu.

"Njoo uone, Marlene!" aliita. "Waliotutangulia walipanda nyanya! Watu wana bahati zao, jamani. Wao walipata kukaa."

Marlene alibaki amesimama kwenye ngazi, mkono mdomoni.

Kibao kidogo kilikuwa kimechomekwa kwenye udongo. Delbert alipiga goti, akapangusa vumbi kwa kidole gumba ili aone ni nani hao. Herufi zilikuwa kubwa, zimenyooka kama za ratiba, na saba ilikuwa na mkato katikati:

NYANYA ZA DELBERT. MEI 27. HATUONDOKI TENA.